Mjomba wa Mtangazaji

Darasa la kwanza nililimaliza mimi. La pili likanimaliza lenyewe, nikaenda kuuza maji. Nalisema hili mapema ili msomi akikuta hapa maneno yangu yamepinda, asijisumbue kuyanyoosha. Nilianza na baiskeli moja na madumu, nikiwapandishia watu wa Newala maji kutoka bondeni, na leo nina mikorosho Makote ambayo nikiizunguka yote narudi nyumbani nimekasirika kwa njaa. Nyumba yangu ina bati la rangi. Pikapu ninayo. Sikubebwa na mtu.

Katika vyote nilivyovipata kwa jasho, kimoja nilikipata bure, nacho ni mpwa wa redioni. Watu wanalisimulia jambo hili vibaya, hasa pale sokoni Newala, ndiyo maana nimeona nilisimulie mwenyewe.

Kuna binti anatangaza kipindi cha asubuhi. Jina lake silitaji, ana mume sasa. Nilianza kumsikia msimu mmoja wa korosho, redio nikiwa nimeitundika kwenye tawi na mimi chini yake nanyofoa korosho kwenye mabibo. Akifungua kipindi husema, “Shikamooni wazee wangu.” Halafu ananyamaza. Kidogo tu, kama mtu aliyesimama mlangoni na viatu mkononi, anangoja aambiwe pita. Mimi nikaitikia. Ungefanya nini? Mtoto kakuamkia, unamwachia shikamoo yake ikining'inia hewani?

“Marahaba mwanangu,” nikasema. Naye akaendelea, “Natumaini mmeamka salama.” Nikamwambia nimeamka salama, ila goti. Hivyo ndivyo tulivyozoeana.

Mke wangu alikuwa hanisemi mwanzoni. Baadaye akaanza. Nikiwa nazungumza na binti, yeye anakoroga uji na kuniambia, “Muulize basi kama kwao kuna chumvi, yetu imeisha.” Au, “Baba, mwambie asubiri, uji wako unapoa.” Nilimwacha. Mwanamke anayekoroga uji wako usimjibu mpaka uji umekaa kwenye bakuli.

Na yeye msimwone hivyo. Ana mchezaji wake wa mpira, kijana mrefu mwenye nywele za kusuka, anamwita mwanangu. Mwaka ambao yule kijana aliumia goti, mke wangu aliandaa kisomo. Alipika wali, akamwita mwalimu wa madrasa. Mwalimu alisoma vizuri, akala vizuri, halafu akauliza mgonjwa yuko chumba gani ampulizie dua. Akaonyeshwa televisheni. Mtu mzima yule, heshima yake, akainuka na kuipulizia. Goti langu mimi, ninayelala naye kitanda kimoja, halijapata kusomewa hata herufi.

Basi siku moja binti akasema redioni kwamba bibi yake mzaa mama alitoka huku Newala, upande wa Mnyambe. Aliyasema kwa kupita tu, alikuwa anazungumzia ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha na chumvi, kwamba bibi yake alimfundisha kuila. Lakini kwetu Wamakonde mtu akishakutajia mama wa mama amemaliza kila kitu. Ukoo wetu unafuata tumbo. Baba ni mgeni mwenye adabu, mwenye mtoto ni mjomba. Na mama wa mama yangu mimi, Mungu amrehemu, alizaliwa Mnyambe.

Nikakaa chini nikahesabu, tumbo kwa tumbo, mpaka nikafika.

“Yule binti ni mpwa wangu,” nikamwambia mke wangu.

“Mnyambe ni kubwa,” akasema. “Kwani wote wa kule walizaliwa na mwanamke mmoja?”

“Wa kwanza lazima alikuwa mmoja.”

Akachukua beseni akaenda kufua. Kwangu mimi hoja ilikuwa imepita.

Sasa sikiliza kilichofuata. Asubuhi moja binti akafungua kipindi akicheka, akasema Jumamosi ameolewa, anawashukuru wote waliomtakia heri. Ameolewa. Nani kaulizwa? Posa kapokea nani? Nilitupa bibo lililokuwa mkononi. Siku ile sikula, na mke wangu alipoona nimerudisha ugali na kisamvu vilevile, akavuta mkeka akakaa, akauliza kwa sauti ya chini, “Nani kafa?”

“Mtu kaozwa bila mjomba.”

“Mtu gani?”

Nikaitazama redio. Akajua. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na mimi nikazidi kununa. Nikaapa moyoni kwamba mpwa niliyebaki naye hataolewa kihuni.

Huyo niliyebaki naye ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mwenyewe tangu akiwa mdogo, sasa ni fundi cherehani pale mjini Newala, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Ndoa yake iko mikononi mwangu. Hakuna mwingine wa kusema ndiyo, na nikisema hapana imekuwa hapana.

Haukupita muda akatokea kijana. Myao wa Masasi, wa familia ya wafanyabiashara, watu wa msikitini. Kasomea saikolojia, kazi yake ni kuzungumza na watu wenye mawazo. Nilijua kuna daktari wa meno na daktari wa macho. Kwamba kuna wa mawazo nilikuwa sijui, nilidhani mawazo ni ya mwenyewe.

Kosa lake la kwanza, alikuja peke yake. Mwanaume hajiposei kama anayejinunulia sabuni. Kosa la pili, alikuja asubuhi, kipindi kimeanza. Alinikuta barazani, binti ndiyo kwanza ametoa shikamoo yake, mimi namwambia marahaba na namuuliza vipi kifua, kwa maana wiki ile alikuwa anakohoakohoa. Kijana akaniamkia, nikamwitikia, nikampa kigoda. Akatazama redio, akanitazama mimi, akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoharibu.

“Mjomba,” akasema, “unajua hilo jambo lina maelezo yake?”

“Jambo gani?”

“Hilo la kuzungumza na mtangazaji. Ni uhusiano wa upande mmoja. Wewe unamjua, yeye hakujui. Wengi wanao, wengine kwa waimbaji, wengine kwa wachezaji.”

Mke wangu akaacha kufagia.

Kijana akaendelea, na nitasema ukweli, alieleza vizuri. Alisema kichwa cha mtu hakina chumba cha watu wa redio na chumba cha watu wa nyumbani. Sauti ikirudi kila asubuhi, kwa upole uleule, kichwa kinaiweka palepale kinapowaweka ndugu. Alisema mtu wa namna hiyo hachoshi, kwa sababu hakuombi kitu, hakupingi, hanuni. Akasema hata kule kunyamaza baada ya shikamoo, watangazaji wanafundishwa, ili kila msikilizaji aone anangojwa yeye. Akasema mara nyingi hali hiyo humpata mtu ambaye nyumba yake imepungua watu.

Nikatazama nyumba yangu. Wanangu wa kiume wote wako Dar es Salaam, wananipigia simu wakati wa korosho. Kijana alikuwa hajui hilo, au alikuwa analijua, sijui lipi ni baya zaidi.

“Umemaliza?” nikamuuliza.

“Ni kawaida kabisa, mjomba. Ni jambo la kawaida.”

“Umekuja kuposa au umekuja kunipima?”

“Kujitambulisha tu, mjomba. Nataka, kwa ruhusa yako, binti yako—”

“Ruhusa hakuna. Kunywa uji uende.”

Aliunywa. Mke wangu alimwongeza sukari, kwa makusudi, mbele yangu. Akaondoka.

Mpwa wangu hakulia wala hakugombana. Akitoka kazini jioni ananipigia shikamoo kwa adabu zote, anauliza goti, anaweka chakula. Zaidi ya hapo hakuna. Zamani alikuwa akinisimulia wateja wake wanaotaka gauni la mtu mnene litoke kwenye kitambaa cha mtu mwembamba, na tulikuwa tunacheka mpaka mke wangu anatufukuza. Sasa ikawa sahani na maji ya kunawa. Nikasema atazoea.

Habari zikaja kutoka Masasi kwamba mama wa yule kijana ameudhika. Mwanawe katolewa barazani kama mwizi wa kuku, na korosho zikishauzwa atamtafutia mke hukohuko. Mke wangu aliponiletea habari hizo alizileta pamoja na redio, akaiweka mbele yangu, akasema, “Mjomba wa watu, mpwa wako anakuamkia. Yule mwingine anaenda kuzeekea kwenye cherehani.”

Kiangazi kilikuwa kimeshika. Anayeijua Newala anajua maana yake, kisima changu cha kuvunia mvua kilikuwa kimebaki na vyura. Nikapakia mapipa kwenye pikapu nikaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo zimepangwa, wenyewe wamekaa kivulini pembeni, na kijana wa bomba alikuwa na redio kubwa. Binti yangu yuko hewani, siku ya watu kupiga simu na matatizo yao. Nikaegemea pikapu. Nikawaambia waliokuwa karibu, kwa majivuno kidogo, “Huyu ni wa Mnyambe.”

Simu ya tatu au ya nne, ikaingia sauti ninayoijua.

“Naitwa fundi wa Newala,” ikasema. “Nina mjomba wangu Makote. Amemkataa mchumba wangu.”

“Pole, mdogo wangu,” binti akasema. “Kamkatalia nini?”

“Mchumba alimgusia kwamba yeye mjomba anazungumza na wewe.”

“Na mimi?”

“Kila siku. Ukitoa shikamoo anaitikia. Ukikohoa anakupa pole. Mchumba wangu akamweleza kwa nini, akafukuzwa. Mimi hanisikii, dada. Wewe anakusikia. Ndiyo maana nimekupigia.”

Pale bombani kulikuwa na watu wa Newala, watu wa Makote, na mwanamke mmoja wa Mnyambe kabisa. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa na hakuna aliyeifunga koki.

Mimi nilikuwa natazama redio. Nilisema moyoni, sasa atanitetea. Atasema yule ni mjomba wangu, muacheni. Yeye akacheka, kicheko kizuri, kile ninachokipenda siku zote. Akasema, “Jamani, wajomba wa Kusini. Mjomba, kama unanisikia, nakuomba sana, mwachie mtoto aolewe. Haya, tunaye nani mwingine kwenye simu?”

Ni hayo tu. Akaenda kwa mwingine, mtu wa mbuzi aliyepotea.

“Mzee,” mwanamke wa Mnyambe akaniambia, “mpwa wako wa redio kakuamuru.”

“Mchote maji,” nikasema. “Mlikuja kuchota maji.”

Nilirudi na mapipa nusu. Njia nzima nilikuwa najibizana, mara na huyu mpwa, mara na yule. Nilipofika nikamwambia mke wangu anipe ile namba inayosomwa redioni, yeye anaikumbuka kichwani, kama wimbo. Hakuuliza. Alinipigia mwenyewe, akaniwekea simu sikioni. Iliita sana. Nikaambiwa nisubiri, nikasubiri nimesimama, kofia mkononi. Kisha nikamsikia, siyo kwenye tawi wala barazani, ndani ya sikio langu.

“Karibu, nani mwenzangu?”

“Ni mimi,” nikasema.

“Wewe nani, mzee wangu?”

Hapo nilijua kijana alisema kweli. Maelezo yake yote ya chumba na ndugu hayakuniuma kama neno hilo. Miaka yote ile, asubuhi zote zile, na hakuijua sauti yangu. Ataijuaje? Hajawahi kuisikia. Nililijua hilo. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuulizwa ni kitu kingine.

“Mjomba,” nikasema.

“Mjomba yupi?”

Nilitaka kusema wako. Mke wangu alikuwa amenikazia macho. “Wa yule fundi wa Newala,” nikasema.

“Aa, mjomba wetu. Shikamoo mjomba.” Na akanyamaza. Safari hii ni kweli alikuwa ananingoja mimi.

“Marahaba. Kile kifua chako kimepona?”

Kimya. Siyo kile cha kufundishwa. Kile cha mtu aliyekosa la kusema.

“Kimepona,” akasema taratibu. “Asante. Hakuna mtu aliyeniuliza.”

“Unakohoa tangu Ramadhani. Chemsha majani ya mpera.”

“Nitachemsha, mjomba.” Halafu akajikumbuka, sauti ikarudi ya kazini. “Na mchumba je? Wasikilizaji wanasubiri.”

“Mwambie aje. Lakini aje na mjomba wake, asije na kitabu.”

Alicheka, akataka kusema kitu, likaingia tangazo la salfa ya mikorosho. Simu ikawa imekatika. Mke wangu akaichukua, akasema, “Angalau amekutumia dawa ya shambani.”

Kesho yake binti alitoa shikamoo kama kawaida. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu, sikusema kitu. Mke wangu akaitikia kutoka jikoni, kwa sauti ya kunisikilizisha, kisha akaniomba radhi kwa kuniingilia ukoo. Keshokutwa yake nikaitikia mwenyewe. Watu wanaoniuliza sokoni kama nimeacha, jibu ndilo hilo. Kijana alisema ni upande mmoja. Sawa. Hata mkorosho naupalilia na hauniambii asante.

Kijana alikuja Alhamisi, na mjomba wake. Mzee wa duka la Masasi, tumbo mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Myao na Mmakonde ni watani, hivyo hakusubiri hata akae.

“Mtani,” akasema, “nimekuja kukuona kabla hujahamia ndani ya redio.”

“Karibu. Nimekuachia nafasi, ingawa kwa tumbo hilo utahitaji redio yako.”

Tukaketi. Kijana alikaa chini kwenye mkeka, macho kwenye vidole vyake. Mjomba wake akasema wamekuja kuomba samahani kwanza, posa baadaye, kwamba mtoto wao kasoma mpaka adabu ikamwagika.

“Nina swali moja kwake,” nikasema. “Bado unaona naumwa kichwa?”

“Sikusema unaumwa, mjomba. Nilisema ni kawaida.”

“Hilo kawaida ndilo lililonikera. Ungesema naumwa ningekuachia unitibu. Mimi sijawahi kuwa wa kawaida tangu nauza maji.”

Mjomba wake alicheka kwa tumbo lote. Kijana naye akajaribu, akaona nimemkazia, akaacha. Nikamuuliza, “Na wewe, msomi, wako ni nani?”

“Wangu?”

“Wa upande mmoja. Sema. Hapa ni kwa wajomba.”

Alisita. Masikio yakamwiva. Akasema kuna mwalimu mmoja, mzee wa nchi za mbali, anafundisha mambo hayohayo kwenye simu, yeye humsikiliza kila siku. Mwezi uliopita yule mzee alipotea siku kadhaa bila kuonekana, na yeye kazini alikuwa hakai vizuri, anahangaika, anaangalia simu.

“Ulimwombea dua?” mke wangu akauliza kutoka mlangoni.

“Kidogo,” akasema.

Mjomba wake akamgeukia kama ndiyo kwanza anamwona. “Na mimi nilidhani una mwanamke mwingine,” akasema. “Mama yako hajalala kwa ajili ya mzee wa kwenye simu?”

Nikaona inatosha. Nikamwita mpwa wangu. Akaja na kanga begani, akapiga magoti, akawaamkia wageni mmoja mmoja. Kwetu mjomba lazima amuulize binti mbele ya watu, ili kesho asiseme alisukumwa.

“Unamfahamu kijana huyu?”

“Namfahamu.”

“Unamtaka?”

“Mjomba, ningempigia simu mtangazaji kwa mtu nisiyemtaka?”

Mzee wa Masasi akakohoa kuficha kicheko. Nikaona heshima yangu inatelezea ukingoni, nikaishika. “Basi kuna sharti,” nikasema. “Ukishaolewa, na wewe kijana sikiliza, jambo lolote linalonihusu mimi nataka niambiwe mimi, ndani ya nyumba yangu. Siyo bombani, mbele ya watu na ndoo zao. Kwa nini hukuniambia hapa?”

Mpwa wangu akainua uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho ya dada yangu.

“Nilikuambia, mjomba,” akasema. “Ukasema nisubiri kipindi kiishe.”

Hakuna aliyecheka, hata mke wangu. Nikamgeukia mjomba mwenzangu nikamwambia posa nimeipokea, achague Ijumaa anayoitaka.